Mguu wa Masizi

Karakana ya miguu ya bandia ilikuwa nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha kufulia na tangi la maji, na mtu aliyeiendesha kwa miaka thelathini na moja aliitwa Fundi Miguu. Alikuwa na cheo kwenye karatasi, kirefu na kizuri, lakini hakuna aliyekijua. Wagonjwa walimwita Fundi Miguu, madaktari wakamwita hivyo hivyo, na watoto wa mtaani kwake walimwamkia, "Shikamoo Fundi Miguu," naye akaitikia marahaba bila kinyongo. Jina lake la utani lilikuwa la heshima. Si kila mtu hubahatika hivyo.

Kilichompa sifa ni rangi. Miguu iliyotoka viwandani ilikuja na rangi moja tu, na kwenye boksi imeandikwa "rangi ya mwili". Fundi Miguu alikuwa na mtindo wa kuwasomea wagonjwa maandishi hayo, kisha anawauliza, "Mwili wa nani?" Wenyewe wanacheka, hata yule aliyeingia analia. Rangi yenyewe ilikuwa ya biskuti iliyochovywa kwenye chai ya maziwa. Ukimfunga mtu mweusi mguu ule, anatembea nao kama aliyeazima kiatu kimoja kwa jirani.

Basi akaanza kuchanganya za kwake. Ganda la nje la mguu wa bandia ni soksi ya kitambaa inayovalishwa kwenye umbo la mguu, halafu inanyweshwa gundi ya maji wanayoiita resini, na resini ikikauka inakuwa ngumu kama ndoo. Rangi huingia humo humo kwenye resini, kabla haijashika. Ikishashika imeshika. Ukiwa umekosea, dawa ni moja: kulikwangua ganda zima kwa msasa, uanze upya.

Ukutani alitundika ubao wenye vipande kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, na chini ya kila kipande ameandika jina kwa kalamu ya wino. Majina hayo hakuyatoa kitabuni. Aliyaokota midomoni mwa wagonjwa: mweupe, mwekundu, maji ya kunde, maji ya kunde yaliyokolea, chungu kipya, kahawia, mweusi wa kung'aa, mpaka mweusi tii. Na katika kuokota huko aligundua mambo. Aligundua kwamba watu hawapendi kujiita weusi. Unamuuliza mtu mweusi tii, macho kwa macho, wewe ni rangi gani, anakujibu, "Maji ya kunde, ila ni hili jua tu." Aligundua kwamba ukimwambia mtu "siku hizi umekuwa mweusi", anaanza kukueleza shida zake, na ukimwambia "mbona umeng'ara hivyo", anaona aibu ya furaha na kusema ni maji tu ya kuoga. Na juu ya yote aligundua lile neno dogo linalopenda kufuatana na weusi kama inzi na kidonda. Ni mweusi, lakini mzuri. Ni mweusi, lakini msafi. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akisema fulani ni mweupe, lakini mzuri.

Haya yote aliyajua, na alipenda kuyahadithia. Mwalimu wa mazoezi, yule mama aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa kutembea upya, alimwambia siku moja, "Fundi, wewe ungekuwa mhubiri." Fundi akacheka. Hakumwambia kwamba nyumbani kwao kuna mwanamke anayeitwa Masizi, ni mdogo wake wa damu, na jina hilo alimpa yeye mwenyewe.

Alimpa akiwa na miaka tisa. Mdogo wake alikuwa na mitano. Siku hiyo sebule ilijaa wageni, na mama aliita chai iletwe. Mtoto akatokea jikoni amebeba sahani ya vikombe kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uangalifu, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi asubuhi ile. Kaka mtu alikuwa ameketi na wanaume, anajiona na yeye mkubwa, anatafuta neno la kusema. Akalipata.

"Jamani sogeeni! Masizi huyo anakuja, atawachafua!"

Sebule ikaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mjomba mmoja akampiga mtoto wa kiume begani, akasema, "Huyu ana mdomo huyu!" Hakuwa amewahi kusifiwa namna ile mbele za watu, na sifa humlevya hata mtu mzima, sembuse mtoto. Mdogo wake aliweka sahani chini. Kisha akageuza viganja vyake, akavitazama kimoja kimoja, kuona ni wapi vilipochafuka.

Hilo la viganja Fundi Miguu hakulisahau maisha yake yote. Na bado kesho yake alilirudia lile neno, na keshokutwa, kwa sababu bado lilichekesha. Mwezi haukuisha, mwenye duka akawa anasema, "Masizi, kamwambie mama sukari imekuja." Shuleni likamtangulia. Mwalimu wa darasa la tatu aliliandika kwenye daftari la mahudhurio, kwenye mabano, ili amkumbuke. Zikipigwa picha za familia watu husema, "Masizi cheka, tukuone," naye anacheka, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Ziko picha tano za namna hiyo, na katika zote tano ameonyesha meno.

Akakua, akawa mwanamke mrefu, mkono wake mwepesi kwenye cherehani kuliko mafundi wote wa mtaa. Akaja mtu kumposa. Ilikuwa posa ya heshima, na kijana alimpenda, mwenye macho aliliona. Lakini mama wa kijana alikuja akaketi, akanywa chai, akamtazama binti juu mpaka chini, na alipotoka akasema mlangoni, si kwa kunong'ona, "Mweusi kiasi hiki? Na wajukuu watatoka vipi?" Posa ikafa hapo. Baadaye alizaa binti mmoja na mwanamume aliyepita tu, na binti akatoka maji ya kunde. Kliniki wakamuuliza, "Mama yake mtoto yuko wapi?" huku wamemwona amemshika mkononi.

Kaka mtu aliyaona yote hayo, na kila mara yule mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ndani yake aliinamisha kichwa. Mara ngapi alitaka kumwambia, mdogo wangu nisamehe lile jina. Lakini mtu anaanzaje? Akimwita ili amwombe radhi, atamwita nani? Lile jina la kwenye cheti lilikuwa limelala miaka mingi mno, likawa kama la mgeni. Akasema ipo siku. Ipo siku ni ugonjwa, na Fundi Miguu aliugua miaka hamsini.

Halafu ikaja kisukari. Kiatu kilimchubua Masizi kidole, kidonda kidogo, akakipuuza kwa sababu kulikuwa na sare za shule za kushona. Kidonda kikala kidole, kikala unyayo, na madaktari wakakata mguu wa kulia chini ya goti. Ule wa kulia ndio uliokuwa ukikanyaga cherehani. Aliletwa karakana na binti yake, kwenye kiti cha magurudumu, na alipoona ubao ukutani akaomba asogezwe karibu.

Akausoma wote, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akaweka kidole kwenye kipande cha kwanza kabisa, mweupe.

"Huu," akasema.

Fundi akacheka. "Acha utani."

"Nimetaniwa miaka hamsini, kaka. Leo nitanie mimi?" Hakuwa anacheka. "Ule wa kwanza nilipewa sikuulizwa. Huu naulizwa. Basi nataka mweupe. Angalau mmoja."

"Watu watakucheka."

"Kwani walishaacha?"

Binti alitazama pembeni. Fundi Miguu akachukua futi yake, akaanza kupima, maana alikuwa mtu wa kupima. Jambo likimshinda mdomoni alilihamishia mikononi. Akapima goti, akapima kigimbi cha mguu wa kushoto, akaandika namba. Alipomaliza akasema, "Sawa, nimesikia." Masizi aliondoka akiamini amekubaliwa.

Hakuwa amekubaliwa. Fundi Miguu alikaa na lile neno, angalau mmoja, likamchoma, na kutokana na mchomo huo akapata wazo ambalo aliliona jema. Hatampa mguu mweupe wa kuchekwa. Atamtengenezea mguu wa rangi yake hasa, sahihi kabisa, mguu ambao hata yeye mwenyewe akiangalia chini atasahau upi ni upi. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupewa kazi ya namna hiyo. Radhi aliyoshindwa kuiomba kwa mdomo, aliwaza, mguu utamwombea.

Akaanza kuchanganya. Siku ya kwanza alichukua kipande cha mwisho ubaoni, mweusi tii, akenda nacho nyumbani kwa dada yake kwa kisingizio cha kupima tena, akakiweka kimya kimya kando ya mguu wake wa kushoto. Hakikufanana hata kidogo. Kipande kilikuwa kimekufa, na mguu uko hai. Akaongeza nyekundu. Ikakaribia, ikakataa. Akaongeza kahawia, akapunguza nyeusi, akatia tone la buluu, na hilo tone la buluu likamfungua macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, jua la saa nne limepiga ule mguu, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini alimtazama mdogo wake. Masizi ya jikoni ni kitu kinachomeza mwanga. Ukimulika kitako cha sufuria hakikurudishii kitu. Ngozi hii ilikuwa inaurudisha mwanga wote, kwenye ugoko kuna kama shaba, kwenye kigimbi kuna kama zambarau iliyoiva, na chini ya goti ilikolea mpaka ikawa na utulivu fulani ambao hakuwa na neno lake. Jina lenyewe, kumbe, halikuwa la kikatili tu. Lilikuwa la uongo.

"Unanitazama nini?" Masizi akamuuliza.

"Napima," akasema.

Angeweza kumwambia pale pale. Binti alikuwa sokoni, mlango uko wazi, hakuna wa kusikia. Akafunga begi lake akaenda zake.

Kazi ilichukua wiki tatu. Siku ya kumvalisha, mwalimu wa mazoezi alipouona mguu alishika mdomo. Fundi aliufunua kitambaa kwa mikono miwili, naye akabaki amesimama, ana hamu kama mtoto aliyebeba sahani ya vikombe.

Masizi aliutazama kwa muda mrefu. Akautazama wa kushoto. Akautazama tena wa kulia.

"Kumbe," akasema.

"Nimehangaika nao wiki tatu, dada."

"Naona." Alivuta pumzi. "Nimekuomba kitu kimoja tu tangu tuzaliwe. Umenirudishia Masizi."

Akasimama, akashika vyuma, akajifunza kutembea. Siku ya tatu alikuwa anakanyaga cherehani. Fundi Miguu kila alipopita kumjulia hali alimkuta mlangoni, anashona, na mguu wa kulia umevalishwa soksi ndefu ya kahawia, hata kukiwa na joto. Soksi ile ilimwambia yote. Akaanza kupita kwa nadra, kisha akawa anatuma salamu tu.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Mwaka wa tatu figo zikaanza kumsaliti Masizi. Akawa mtu wa kulala zaidi kuliko kukaa, na daktari alimwita kaka mtu pembeni, akamwambia kwa ile sauti yao ya chini ajiandae. Wiki hiyo hiyo mpwa akaja karakana amebeba mguu kwenye mfuko.

"Shikamoo mjomba. Mkanda wa goti umekatika. Mama anauulizia, anasema umwekee mwingine tu, asubuhi niufuate."

"Marahaba. Uache," akasema. "Nitauleta mwenyewe."

Aliutoa kwenye mfuko. Haukuwa na soksi. Akaona ni kwa sababu umevuliwa kwa ajili ya kuletwa. Aliuweka mezani akautazama, na lile wazo, la pili sasa, likamjia kama lilikuwa likimsubiri mlangoni. Mdogo wake anakufa. Aliomba kitu kimoja tu tangu kuzaliwa, na aliyemnyima ni yeye, kwa kujifanya anajua zaidi. Safari hii atampa.

Alichukua msasa akaanza kukwangua. Kazi ilimpa taabu, msasa ulikuwa unateleza na kuziba, kwa kuwa ganda zima lilikuwa na mafuta, kuanzia gotini mpaka vidoleni, mafuta ya siku nyingi yaliyokwisha kuingia mpaka kwenye vijistari vidogo vya resini. Yalinukia vizuri. Alishangaa kidogo. Miguu mingi iliyorudi kwake ilirudi na vumbi na jasho; huu ulirudi na mafuta. Lakini resini mpya haishiki juu ya mafuta, kila fundi anajua, kwa hiyo akamwaga spiriti kwenye pamba akaufuta wote, akarudia mara ya pili, mpaka pamba ikatoka safi. Hakumuuliza mtu. Unga wa rangi ile aliyoitafuta wiki tatu ulianguka sakafuni, akaufagia.

Siku ya nne mguu ulikuwa mweupe. Alitia ganda jipya rangi ya kipande kile cha kwanza ubaoni, pale pale dada yake alipoweka kidole. Akafunga mkanda mpya, akauviringisha kwenye kitambaa, akaenda.

Masizi alikuwa amelazwa chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa mlangoni apate hewa. Alikuwa amebaki macho tu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka kwenye kona, na mpwa alikuwa ameketi pembeni anamenya chungwa.

"Umechelewa na mguu wangu," Masizi akasema. "Mkanda tu siku nne?"

"Nimekuletea vingine," akasema Fundi. "Nimekuletea ulichoomba." Akafunua.

Kisu cha mpwa kikasimama kwenye chungwa. Masizi aliutazama ule mguu uliolala kwenye kitambaa, mweupe, msafi, haujawahi kuguswa. Kisha akamtazama kaka yake nyuma ya mgongo, kama mtu anayetafuta mzigo mwingine.

"Na wangu uko wapi?"

"Ndio huu, dada. Nimeubadilisha."

"Nauliza wangu."

Mpwa akaweka chungwa chini. "Mjomba," akasema, "mama alikuwa anaupaka mafuta kila asubuhi. Wa kushoto na wa kulia. Anaanza na huo wa kulia, anasema ndio mgonjwa. Soksi alishaiacha tangu mwaka jana."

Fundi Miguu aliikumbuka ile pamba na spiriti. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Sikuupenda mwanzoni," Masizi akasema. Aliongea kwa vipande, akipumzika katikati. "Nilikuona umenisimanga mara ya pili. Halafu siku moja nimeuvua, nimeuegemeza hapo mlangoni, nikaendelea na kushona. Jua likaupiga. Nikatazama, nikasema, ule mguu wa nani mzuri hivyo?" Akatabasamu, bila kuambiwa. "Wangu. Mwili wangu sijawahi kuuona kwa mbali, kaka. Nani huwa anajiona kwa mbali? Mpaka siku hiyo. Nikawaza, mtu hakai wiki tatu anatafuta rangi ya masizi. Masizi unayapata bure jikoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikasema atakuja. Ukawa unatuma salamu."

Ndipo ile ipo siku ikafika, kwa mlango ambao hakuutarajia. Alimshika mkono na kusema, mbele ya mpwa, bila kutafuta maneno, "Nisamehe lile jina. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa mtu mzima na sikuliondoa."

"Jina nilishakusamehe kitambo. Nilikusamehe kila asubuhi, nikiupaka." Akamtazama kwa lile jicho kavu la mtu wa kutania. "Huu wa leo ndio sijui nikusamehe lini. Wewe kaka, umenipima maisha yako yote. Mara moja tu ungeniuliza."

"Nakuuliza sasa," akasema, na machozi yanamtoka waziwazi. "Niupake rangi gani?"

"Yangu."

Akaubeba mguu akaondoka karibu kwa kukimbia. Karakana alikwangua weupe ule kwa hasira ambayo mwalimu wa mazoezi hakuwa amewahi kuiona kwake. Vipimo vya rangi yenyewe hakuwa ameviandika popote; vilikuwa kichwani, na kichwa kilikuwa kimejaa mambo. Siku ya kwanza ilikataa. Siku ya pili akakumbuka lile tone la buluu. Alfajiri ya siku ya tatu rangi ikaja, akaijua mara moja, kama unavyoijua sauti ya mtu wenu barazani. Akaivalisha soksi kwenye umbo, akamimina resini, akawasha pampu ya kufyonza hewa. Resini ilikuwa imeanza kushika, ya moto mkononi, mpwa alipopiga simu. Alikuwa analia tu.

Msibani kijana mmoja wa mtaa aliyekuwa anaandika tangazo alimuuliza jina la marehemu. Fundi Miguu akamtajia lile la kwenye cheti, majina yote matatu, na akamwomba aliandike hilo peke yake. Tangazo likabandikwa. Watu wakawa wanasimama, wanalisoma, wanaulizana, "Ni nani huyo? Si hapa pana msiba wa Masizi?" Baadhi waligeuka na kwenda kutafuta nyumba nyingine. Ilibidi kijana arudi na kalamu aongeze mabano, kama alivyofanya yule mwalimu wa darasa la tatu, na Fundi Miguu alisimama pembeni akaitazama kalamu ikiandika. Wakamzika kwa jina lile la mabano. Waliolitamka walilitamka kwa mapenzi kabisa, wanalia nalo, na hapo ndipo alipoona kwamba halitaondoka tena.

Mguu ulikuwa karakana, umekamilika, mkanda wake mpya umefungwa. Utaratibu ni kwamba mguu usio na mtu hufunguliwa: bomba la chuma la ndani huchukuliwa kwa mgonjwa mwingine, unyayo kwa mwingine, ganda hutupwa. Mwalimu wa mazoezi alipita mara mbili akauona juu ya meza, akauacha hapo.

Wiki moja baadaye mpwa alikuja. Mjomba wake alikuwa amemwita.

"Nataka kukuuliza," akasema. "Yale mafuta ya mama yako, yalikuwa mafuta gani?"

"Ya kawaida tu, mjomba. Haya hapa." Alikuwa nayo kwenye mkoba, kichupa kimebaki robo, maana na yeye alishaanza kuyapaka.

Fundi Miguu aliyamimina kiganjani. Alianzia gotini, akashuka kwenye ugoko, akazunguka kigimbi, akapita kati ya vidole kimoja kimoja, polepole, huku mpwa amesimama anamwelekeza, hapana mjomba, kisigino alikuwa anakirudia mara mbili. Akakirudia mara mbili. Kisha akaubeba, akatoka nao nje, akauegemeza mlangoni penye jua.

Aliporudi ndani aligeuza viganja vyake akavitazama. Vilikuwa vinang'aa kwa mafuta tu. Hapakuwa na kingine.